Mombasa, Pemba na Katanga Angani

Mwezi ukishapungua, wavuvi wa Baraka, mji ulio huku Fizi, Kongo, husukuma mitumbwi ziwani na taa zao, maana ndagala huifuata taa vizuri usiku wa giza. Mbalamwezi ikirudi, nyavu hukaa ufukoni. Kalenda hiyohiyo ya giza ndiyo aliyoifuata Cyril Jackson, mwanafalaki wa Johannesburg, ingawa yeye alikuwa akivua mawe.

Jackson alizaliwa Ossett, Uingereza, mwaka 1903, akaletwa Afrika Kusini akiwa bado mtoto. Mwaka 1928 aliingia kazini katika kituo cha falaki cha Union Observatory. Mawe aliyoyawinda ni asteroidi, ambazo nyingi huzunguka jua kati ya Mirihi na Mshtarii. Alipiga picha sehemu ileile ya anga mara mbili, kisha vioo viwili vya picha vikawekwa kwenye mashine inayoonyesha hiki na kile kwa zamu, upesi upesi. Nyota hutulia, jiwe huruka. Kwa mashine ya aina hiyo, mwaka 1915, Robert Innes wa kituo hichohicho aliigundua Proxima Centauri, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote ukiondoa jua.

Tarehe 15 Juni 1933 Jackson alipata mawe mawili kwa usiku mmoja: Kenya na Uganda. Tarehe 2 Julai 1937 akapata Pemba, na siku tatu baadaye Mombasa na Somalia. Mwezi ulikuwa karibu kuandama. Juni na Julai anga la Johannesburg huwa kavu na safi. Huku Fizi nako mvua huwa imekatika, ila moshi wa nyika zinazochomwa hutuharibia. Kwa jumla aligundua asteroidi 72. Nyota zenye mkia nazo hazikumpita: ya 1936 ina jina lake pamoja na la mgunduzi mwenzake Neujmin, ya 1948 pamoja na la mwenzake mwingine, Ashbrook.

Namba za mawe haya huchanganya. Kampala ni 1948, lakini huo si mwaka, ilionekana 1935. Tanga, ya 1930, ni 1595, ilhali Mombasa iliyokuja miaka saba nyuma yake ni 1428. Sababu ni kwamba jiwe likionekana usiku mmoja halijawa la mtu. Sharti lionwe tena na tena, njia yake ikokotolewe mpaka iaminike, ndipo lipate namba, na jina baada ya namba. Mengine husubiri miaka mingi.

Majina yenyewe ni ya ramani ya wakati wake: bandari, makoloni, mito kama Ruvuma na Tana. Kongo yetu imo kwa Katanga, jiwe la Juni 1939, jina ambalo shaba ilikuwa imekwisha kulitangaza duniani.

Kupewa jina kutoka mbali si jambo geni kwetu. Maji yaliyo mbele ya Baraka, kati ya mji na rasi ya Ubwari, ramani huyaita Ghuba ya Burton. Mpelelezi Mwingereza Richard Burton alipita Ubwari mwaka 1858 pamoja na mwenzake Speke, kwa mitumbwi kutoka Ujiji, wakielekea Uvira. Hakuizunguka. Kitabuni mwake akaiandika kuwa ni kisiwa.