Maji ya Kisima na Watoto wa Iowa

Mimi ni mwanafunzi kutoka Uganda. Kwetu tumefundishwa tangu utotoni kwamba maji yakichemshwa ni salama. Historia ya nitrati imenionyesha kwamba kuchemsha pekee hakutoshi.

Mwaka 1945, daktari Hunter Comly wa Iowa, Marekani, alichapisha taarifa kuhusu watoto wachanga ambao ngozi yao iligeuka rangi ya buluu. Watoto hao walinyweshwa maziwa yaliyochanganywa na maji ya visima vya mashambani. Comly alieleza kwamba chanzo kilikuwa nitrati nyingi katika maji hayo. Mwilini nitrati hugeuka kuwa nitriti, nayo huzuia damu kubeba oksijeni. Hivyo mtoto hukosa oksijeni ingawa anapumua.

Nitrati hutoka katika mbolea, samadi na vyoo vya shimo, kisha maji ya mvua huipeleka chini ya ardhi. Haina rangi wala harufu. Kuchemsha huua vijidudu, lakini nitrati hubaki. Tena maji yakipungua kwa mvuke, kiasi chake katika kila lita huongezeka. Leo Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitrati kwa lita.

Kwa maoni yangu, somo la Iowa linatuhusu sisi pia, kwa sababu bado kuna visima vilivyo karibu na vyoo. Tuendelee kuchemsha maji, lakini tuchimbe visima mbali na vyoo na mazizi, na maji yapimwe kabla mtoto mchanga hajapewa.