Mateso ya Wageni Bwenini

Ndugu zangu, nilipotoka Mhunze na tranka langu kuja kuanza kidato cha kwanza, usiku wa kwanza wakubwa walinipigisha magoti hadi kengele ya alfajiri. Mwaka uliofuata nami niliwapigisha wengine. Tuliiita mila.

Mila hiyo si yetu peke yetu. Mwaka 1898 kijana Oscar Booz aliingia chuo cha kijeshi cha West Point, Marekani. Wakubwa wake walimtesa, hata kumnywesha mchuzi wa pilipili. Aliacha chuo mwaka huo huo, akafariki Desemba 1900. Wazazi wake walilaumu mateso yale. Bunge likachunguza, na mwaka 1901 sheria ikayapiga marufuku.

Shahidi mmoja alikuwa Douglas MacArthur, mwanafunzi aliyeteswa vibaya naye. Alisita kuwataja watesaji. Lakini alipokuwa mkuu wa chuo hicho, 1919 hadi 1922, aliwanyang'anya wanafunzi wakubwa kazi ya kuwafunza wageni, akawapa maofisa.

Sheria peke yake haikutosha. Alihitajika aliyeteswa, akatae kulipiza kwa asiyemkosea. Mimi sikukataa. Ninyi mlioko bwenini leo, kataeni.