Mpiga Picha wa Makuyuni: Haki Zake, Wajibu Wake na Mahali pa Kupata Msaada

Na Mwandishi Wetu, Korogwe

Harusi, mahafali, mikutano ya vijiji na picha ndogo za vitambulisho ni kazi zinazowapatia kipato vijana wenye kamera katika Kata ya Makuyuni, Wilaya ya Korogwe, mkoani Tanga. Hata hivyo, wengi hufanya kazi hiyo mmoja mmoja, kwa makubaliano ya mdomo, na hukumbuka sheria pale tu picha inapokutwa kwenye tangazo la biashara bila mpigaji wala aliyepigwa kuombwa ridhaa. Makala haya yanaeleza haki, wajibu na vyombo vinavyoweza kuwasaidia.

Picha ni mali ya nani?

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitaja kazi za picha miongoni mwa kazi zinazolindwa. Ulinzi huo huanza pale kazi inapobuniwa. Usajili si sharti la kupata haki. Pamoja na hayo, kusajili kazi katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) humpatia mmiliki ushahidi unaomsaidia mgogoro unapotokea. Aidha, mpiga picha anashauriwa kutunza faili halisi kama zilivyotoka kwenye kamera, kwa kuwa zinaonesha tarehe ya kazi.

Migogoro mingi huanzia kwenye makubaliano. Kabla ya kupokea malipo ya awali, pande mbili ziandikiane, hata kwa ukurasa mmoja: idadi ya picha, bei, siku ya kukabidhi, nani atamiliki haki za picha na iwapo mpigaji anaruhusiwa kuzitumia kujitangaza. Maandishi hayo yasainiwe mbele ya shahidi.

Haki ya anayepigwa picha

Kumiliki hakimiliki hakumpi mpigaji uhuru wa kuitumia sura ya mtu apendavyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inalinda taarifa zinazomtambulisha mtu, na picha inayoonesha sura yake ni miongoni mwa taarifa hizo. Kwa hiyo bibi harusi aliyelipia picha za harusi yake hajaridhia zitumike kuuza vipodozi. Ridhaa ya matangazo iombwe peke yake, kwa maandishi. Na kwa mtoto, iombwe kwa mzazi au mlezi. Mwenye malalamiko anaweza kuyafikisha Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo pia husajili wanaokusanya na kuchakata taarifa hizo.

Vibali vya kazi

Mpiga picha anayefanya kazi ya uandishi wa habari anahitaji ithibati chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, inayotolewa na Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari. Anayetumia ndege nyuki anapaswa kufuata taratibu za Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) kabla ya kuirusha. Vilevile, maeneo yaliyowekewa zuio la ulinzi hayapigwi picha bila idhini.

Kwa anayefungua studio, jina la biashara husajiliwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), namba ya mlipakodi hutolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), na leseni ya biashara hiyo huombwa katika halmashauri.

Umoja, mafunzo na mitaji

Wapiga picha wanaweza kuunda kikundi na kukisajili kupitia Ofisa Maendeleo ya Jamii wa kata au halmashauri. Kikundi hurahisisha kukodishana vifaa, kupangiana kazi na kukubaliana bei isiyowaumiza. Vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu vinaweza pia kuomba mikopo itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Wasanii wana fursa ya Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania, na Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) husajili wasanii na vyama vyao. Kwa upande wa habari, waandishi mkoani humo wana Klabu ya Waandishi wa Habari Mkoa wa Tanga, mwanachama wa UTPC.

Anayehitaji msaada wa kisheria

Asiyemudu gharama za wakili asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watoa msaada wa kisheria, wakiwemo wasaidizi wa kisheria walio karibu na wananchi. Hatua ya kwanza ni kufika ofisi ya Mtendaji wa Kata au Ofisa Maendeleo ya Jamii kuuliza walipo. Mlalamikaji aende na mkataba, risiti, faili halisi na nakala ya mahali picha ilipotumika. Madai yenye vielelezo husikilizwa kwa urahisi. Yasiyo na vielelezo hubaki neno la mmoja dhidi ya la mwingine.