Sosi ya Saladi ya Bibi: Kwa Nini Wazee Wetu Waliipika Motoni



Msimu huu wa harusi nimeulizwa masuali mengi na mabi harusi watarajiwa kuhusu jiko la nyumba mpya, na suali moja limejirudia: ile sosi ya saladi ya chupa, nyeupe kama mayonezi lakini ina ukali wa siki na utamu kwa mbali, inawezekana kuitengeneza nyumbani? Inawezekana, tena kwa vitu vilivyomo jikoni mwako sasa hivi. Vipimo nitavitoa mwisho. Kwanza naomba mnisikilize kuhusu historia yake, kwa sababu mimi niliijua baada ya kupata fedheha, na sipendi nawe uipate.

Miaka kadhaa nyuma tulikuwa na harusi ya mtoto wa dada yangu. Saladi niliichukua mimi. Nikapiga mayonezi kwa viini vibichi, nikachanganya na viazi, karoti na kabichi, nikajiona fundi kweli. Beseni likawekwa mezani kabla ya Adhuhuri na watu wakaendelea kujipakulia mpaka baada ya Alasiri, na joto la kaskazi mnalijua. Usiku ule wanawake sita wa familia walishikwa na tumbo la kuendesha na kutapika, mmoja wao bi harusi mwenyewe. Fungate yake aliianza kwa kunywa maji ya chumvi na sukari. Alhamdulillah wote walipona, na hakuna aliyenisema mbele za watu. Lakini nilijua ni beseni langu.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba Bibi yangu, Allah amrehemu, hakuwa akifanya hivyo. Yeye sosi yake aliipika. Aliweka sufuria motoni, akakoroga unga, mayai, siki na sukari mpaka ikawa nzito kama uji. Sisi wajukuu tulimcheka: "Bibi, mayonezi haipikwi!" Naye hujibu bila kugeuka: "Nani kasema mayonezi? Hii ni sosi ya saladi." Alijifunza kwenye darasa la mapishi la skuli ya wasichana, enzi za Muingereza, akaiandika kwenye daftari lake kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Baada ya harusi ile nililitoa daftari lile, na nikaanza kutafuta: hii sosi ya kupikwa ilitoka wapi?

Ilianzia kisiwani

Hebu tuanze na mayonezi yenyewe, maana ndiyo dada yake mkubwa. Hadithi inayosimuliwa sana inatupeleka Menorca, kisiwa kidogo cha Bahari ya Mediterania. Mwaka 1756 Wafaransa chini ya Duke wa Richelieu waliwanyang'anya Waingereza kisiwa hicho. Inasemekana mpishi wake alitaka kuandaa sosi ya karamu ya ushindi, akakosa malai, akatumia mafuta ya zeituni na mayai, na sosi ikapewa jina la mji wa Mahón. Hii ni simulizi, na wanahistoria wanabishana juu yake. Lililo wazi ni kwamba vitabu vya mapishi vya Ufaransa vinaanza kuitaja mwanzoni mwa karne ya 19.

Na Menorca si ngeni kwetu kama unavyodhani. Kisiwa hicho kilikuwa cha Waislamu kuanzia mwaka 903 hadi 1287, kwa Kiarabu kikiitwa Manurqa. Mmoja wa watawala wake wa mwisho, Said bin Hakam, alikuwa mtu wa elimu na mashairi. Mwaka 1287 Mfalme Alfonso wa tatu wa Aragon alikiteka, na Waislamu wengi wakauzwa utumwani. Sisemi kwamba mayonezi ni ya Waislamu, ila ukilisikia jina la kisiwa kile, ujue adhana iliwahi kusikika pale kwa takriban miaka 400.

Mayonezi ya asili ni kitu cha ajabu. Mafuta na siki havipatani, ukivichanganya baada ya dakika chache kila kimoja kinakwenda upande wake. Kinachovipatanisha ni kiini cha yai, kwa sababu kina lesithini, kitu chenye upande unaoshika mafuta na upande unaoshika maji. Hata jina lesithini limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kiini cha yai. Unatia mafuta tone kwa tone huku unapiga, na yanagawika vijipande vidogo sana mpaka sosi inakuwa nzito. Ukiyamimina kwa pupa, inakatika. Na mafuta yanayotakiwa ni mengi.

Mafuta yalipokuwa ghali

Hapo ndipo Bibi anapoingia. Katika karne ya 19, wanawake wa Uingereza na Marekani walitaka saladi yenye sosi nzito, lakini mafuta ya zeituni yalitoka nchi za mbali na yalikuwa ghali. Walichokuwa nacho ni mayai, maziwa, siagi, unga, siki, haradali na sukari. Kwa hiyo wakatafuta njia yao.

Waingereza walichemsha mayai mpaka yakakauka, wakaponda viini, wakachanganya na malai na siki. Bibi Eliza Acton aliiandika sosi ya namna hii katika kitabu chake cha mapishi cha mwaka 1845, akaiita sosi ya saladi ya Kiingereza. Wamarekani wao waliipika: mayai, unga, siki, haradali na sukari vikakorogwa juu ya moto mpaka vikashikana. Fannie Farmer, mwalimu wa skuli ya mapishi ya Boston, aliitia katika kitabu chake cha mwaka 1896, kitabu kilichoingia majumba mengi sana Marekani.

Angalia walichokifanya wanawake hawa. Uzito wa mayonezi unatokana na mafuta mengi. Wao uzito waliupata kwenye unga na yai lililopikwa, na mafuta yakapungua sana. Ukali wa siki ulipozidi, waliutuliza kwa sukari. Ule mchanganyiko wa ukali na utamu unaoupenda kwenye chupa umetoka hapo, kwa mama aliyekuwa akihesabu senti zake.

Sosi yaingia kwenye chupa

Viwanda vikafuata. Mwaka 1914 kampuni ya Heinz ilianza kuuza Salad Cream Uingereza, sosi ya rangi ya manjano iliyopauka, nyepesi kuliko mayonezi na kali kwa siki. Waingereza waliipenda mpaka leo, na mwaka 2018 kampuni ilipotaja kubadilisha jina, wateja walilalamika na jina likabaki.

Marekani, mayonezi ya chupa ilikuwa ikiuzwa tayari. Richard Hellmann, mhamiaji kutoka Ujerumani, aliiuza dukani kwake New York tangu mwanzo wa karne ya 20. Kisha ukaja mtikisiko mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930. Watu walipoteza kazi na mayonezi ikawa anasa. Mwaka 1933, kwenye maonyesho makubwa ya kimataifa ya Chicago, kampuni ya Kraft ilizindua Miracle Whip: nusu njia kati ya mayonezi na ile sosi ya kupikwa ya akina mama, tamu zaidi na rahisi kwa bei. Mwaka huohuo ikafadhili kipindi cha redio kuitangaza.

Mpaka leo sheria ya Marekani inatofautisha ndugu hawa wawili. Mayonezi lazima iwe na mafuta ya mimea yasiyopungua asilimia 65. Kinachoitwa sosi ya saladi kinatosha asilimia 30, lakini lazima kiwe na uji wa wanga uliopikwa. Uji wa wanga, dada zangu! Ule ule uliokuwa kwenye sufuria ya Bibi. Alikuwa sahihi aliposema hii si mayonezi, na sisi tuliomcheka ndio tuliokuwa hatujui.

Yai bibi na meza ya harusi

Akina mama wale waliipika kwa sababu ya bei. Kumbe moto ulikuwa na faida nyingine ambayo wengi wao hawakuijua. Desemba 1988 naibu waziri wa afya wa Uingereza, Edwina Currie, alitamka hadharani kwamba mayai mengi ya nchi ile yana vijidudu vya salmonela. Mauzo ya mayai yakaporomoka, naye akajiuzulu ndani ya wiki mbili. Alizidisha kiasi, lakini tatizo lilikuwa la kweli: aina moja ya salmonela inaingia ndani ya yai kabla gamba halijafunga. Kuosha gamba hakusaidii. Baadaye kuku wa Uingereza wakaanza kuchanjwa.

Salmonela inakufa yai likipikwa sawasawa, na inazaliana upesi sana kwenye joto la kama letu. Mayonezi ya kiwandani hutumia mayai yaliyokwisha kupashwa moto wa kuua vijidudu. Yangu ya siku ile haikuwa na ulinzi huo, na niliiacha kwenye joto kutwa. Ndiyo maana nawaomba, hasa mnaopikia shughuli: msipige viini vibichi kwa ajili ya meza ya watu. Miongoni mwao yumo mja mzito, yumo mtoto, yumo bibi wa watu mwenye sukari.

Neno kuhusu siki

Siki ina heshima katika dini yetu. Imepokewa na Jabir (r.a.) katika Sahih Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) aliwaomba watu wa nyumbani kwake kitoweo, wakamwambia hawana ila siki. Akaitaka iletwe, akawa anaila huku akiisifu. Bi harusi, liweke hilo moyoni siku utakapofungua kabati na kukuta kidogo.

Ila soma kibandiko unaponunua, kwani siki nyingine za nje zimetengenezwa kwa mvinyo. Mvinyo uliogeuka siki wenyewe, siki yake ni halali. Uliogeuzwa kwa kutiwa kitu, wanazuoni wamekhitilafiana, na katika madhehebu yetu ya Shafi hautohariki. Siki nyeupe ya kawaida, siki ya tufaha au maji ya ndimu yanakutosha, na ukiwa na shaka muulize sheikh wako.

Sosi ya Bibi

Utahitaji viini vya mayai 2, unga wa ngano vijiko 3 vya chakula, sukari vijiko 3 vya chakula, chumvi kijiko 1 cha chai, haradali ya unga kijiko 1 cha chai, maji robo tatu ya kikombe, siki robo ya kikombe, na mafuta ya kupikia yasiyo na harufu nusu kikombe.

Changanya unga, sukari, chumvi na haradali ndani ya sufuria ikiwa bado haijawekwa motoni. Tia maji kidogo kidogo huku unakoroga ili isifanye madonge, kisha siki, kisha viini. Sasa weka kwenye moto mdogo na usiache kukoroga wala usijibu simu. Ikianza kuwa nzito na kutokota, endelea kwa dakika 2 ili unga uive. Usiogope yai kukatika, unga unalizuia. Epua, iache ipoe iwe vuguvugu, halafu mimina mafuta kama uzi mwembamba huku unapiga kwa nguvu au kwa mashine. Itang'aa na kulainika. Onja: ukitaka ukali ongeza ndimu, ukitaka utamu ongeza sukari kidogo.

Ihifadhi kwenye chupa safi ndani ya friji, na uitumie ndani ya wiki moja. Kwenye shughuli, saladi isikae nje zaidi ya muda wa saa 2, na joto likipita nyuzi 32 basi saa 1 tu. Toa kidogo kidogo, nyingine ibaki kwenye baridi. Kupika kunaua vijidudu vilivyomo kwenye yai, lakini hakuilindi sosi iliyoachwa juani kutwa.

Mtoto yule wa dada yangu sasa ni mama wa watoto wawili, na sosi hii anaipika kila Ijumaa kwa saladi ya viazi. Mwezi uliopita alinitumia picha ya sufuria yake akaniandikia: "Mama mdogo, imeiva hii, usiogope." Nimecheka mpaka machozi.

Tuwaombee dua bibi zetu waliotutangulia, na walio hai tuwaulize mapema wanachokijua. Allah awarehemu, awape mabi harusi wetu nyumba zenye utulivu na riziki ya halali. Aamin.

Wassalaam alaykum.