Tarumbeta na Kwaya Mjini Mombasa



Tulipoombwa kuandika historia fupi kwa kijitabu hiki cha jubilei, wengi hawakutuuliza kwaya ilianzaje. Walituuliza juu ya zile jioni za jazi zilizofanyika kanisani. Tulizihudhuria zote, tumeketi bega kwa bega na majirani wa Mji wa Kale ambao hawajawahi kuimba nasi hata ubeti mmoja. Baadhi ya wazee wetu walibaki nyumbani, wakisema saksafoni ni chombo cha baa. Tunawaheshimu, ila historia ya Mombasa haiko upande wao.

Wareno walioanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 walikuwa na kanisa ndani ya kuta zake. Ngome ikatekwa mwaka 1698, na nyimbo zao zikaondoka nao. Uimbaji wetu una chimbuko jingine, ng'ambo ya maji upande wa Nyali. Huko, mwaka 1875, wamisheni wa CMS walianzisha Frere Town, makazi ya watu waliokombolewa utumwani. Mnara wa kengele yao ungali umesimama. Misheni hiyo ilikuwa na nyimbo za ibada na pia bendi ya matarumbeta, kwa hiyo shaba na kwaya vililelewa nyumba moja.

Kutoka misheni, na kutoka bendi za askari, tarumbeta likaingia mitaani. Likazaa beni, ngoma ya gwaride, sare na vyeo vya kujipachika. Hapa Mombasa Kingi na Skochi walishindana vikali (wajukuu wao leo hushindana kwa mpira). Beni ikaenea hadi Tanganyika, na baada yake ukaja muziki wa dansi, ambao bendi zake zilipenda kujiita Jazz, kama Dar es Salaam Jazz Band ya mwaka 1932. Hapo ndipo chombo kilipopata sifa ya baa.

Jazi yenyewe, kule Marekani, ina damu ya nyimbo za kiroho za watumwa. Mwaka 1871, miaka minne tu kabla ya Frere Town, wanafunzi wa Fisk, wengi wao waliozaliwa utumwani, walianza kuzunguka na nyimbo hizo ili kuokoa chuo chao. Walijiita Waimbaji wa Jubilei, kwa kufuata Walawi 25, mwaka wa watumwa kuachiliwa. Na sura hiyo yaagiza mwaka huo utangazwe kwa baragumu!

Manung'uniko nayo si mapya. Duke Ellington alipiga jazi katika Kanisa Kuu la Grace, San Francisco, Septemba 1965. Mwaka uliofuata wachungaji wa Kibaptisti wa Washington walikataa kuunga mkono onyesho lake. New York mchungaji wa Kilutheri, John Gensel, alifanya kinyume: aliwafuata wanamuziki usiku kwenye vilabu, akawafanya kundi lake. Ellington alimtungia muziki.

Basi leo, baada ya wimbo wa nne, mtaona vijana wawili wakisimama nyuma ya sauti ya tatu, mmoja na tarumbeta, mwingine na saksafoni. Wamefanya mazoezi nasi kila Alhamisi tangu Pasaka. Wazee wetu tumewawekea viti vya mbele.