Magazeti ya Kiswahili na Ushahidi wa Maradhi

Mwanahistoria wa tiba katika nchi zetu huanza kwa taarifa za madaktari wa serikali na barua za wamisionari. Magazeti ya Kiswahili huyafikia mwisho, kama mtu aingiaye sokoni jioni kutazama kilichosalia. Sababu yake yafahamika. Gazeti halikupima damu ya mtu, wala hesabu yake ya wafu si ya kutegemewa. Lakini taarifa ya daktari iliandikwa kwa Kijerumani au Kiingereza ili isomwe na wakubwa wake, na mgonjwa hakuiona kamwe. Gazeti liliandikwa kwa maneno ambayo mgonjwa, au jamaa yake ajuaye kusoma, alitazamiwa kuyafahamu. Basi gazeti ni shahidi wa maneno hayo, tena shahidi mwenye tarehe.

Tutwae kitenzi kimoja tu, kuchanja. Kamusi ya Johnson ya 1939 yakipa maana ya kupasua kuni, ya kukata chale, na pia ya kukinga ndui kwa njia ya kidaktari. Mganga alikuwa akichanja na kutia dawa katika damu muda mrefu kabla ya daktari wa Kizungu kufika na sindano yake. Daktari alipofika, watu hawakumtafutia neno jipya. Walimpa lile lile la mganga. Mimi mwenyewe, katika makala niliyoandika ujanani, nilihesabu kila "kuchanjwa" nilikokuta katika magazeti ya zamani kuwa ni chanjo ya hospitali, na hesabu yangu ikatoka nzuri mno. Ilinipasa kuirudia yote, mstari kwa mstari, nikiuliza ni nani aliyeshika wembe.

Swali hilo la nani latupasa pia kuliuliza juu ya mwenye gazeti. Msimulizi, lililoanza 1888 huko Kiungani, Unguja, lilikuwa la misheni. Mambo Leo, lililoanza Januari 1923 mjini Dar es Salaam, lilikuwa la serikali, chini ya Idara ya Elimu. Na serikali hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa na hospitali. Kwa hiyo sifa za sindano katika kurasa zake si ushuhuda wa mtu asiyehusika. Hata hivyo tusiwe wepesi wa kudharau. Katika miaka ile ya 1920 watu wa Tanganyika walimiminika kutafuta sindano ya buba, dawa yenye bismathi, kwa sababu vidonda vilikauka upesi mbele ya macho yao. Imani hiyo haikuletwa na gazeti; gazeti liliikuta njiani.

Lakini lililo gumu zaidi kusoma ni kimya. Kiongozi, gazeti la shule ya serikali ya Kijerumani huko Tanga, lilikoma 1916 kwa sababu ya vita. Mambo Leo halikuzaliwa ila baada ya miaka saba. Kati ya hayo mawili, katika miezi ya mwisho ya 1918, homa kubwa ya mafua iliingia kwa njia ya bandari na reli, ikaua watu kwa maelfu. Mwanafunzi atakayeitafuta katika magazeti hayo mawili ataikosa siku zile zile za msiba, naye aweza kudhani kwamba watu hawakuwa na neno la kuieleza. Sivyo. Kimya hicho si cha watu, ni cha mitambo ya chapa.

Kuna kimya cha namna nyingine, nacho twakikumbuka sote. Mwishoni mwa Aprili 2020 serikali ya Tanzania iliacha kutangaza hesabu za wagonjwa wa korona, na hazikutangazwa tena mpaka katikati ya 2021. Safari hii magazeti yalitoka kila asubuhi. Atakayesoma vichwa vya habari peke yake atadhani maradhi yalikwisha. Lakini na asome matangazo ya vifo, na habari za mazishi, ambamo mtu amefariki kwa "changamoto ya upumuaji". Na asome maelezo ya kujifukiza kwa mvuke. Na aitazame barakoa, ambayo katika kamusi ile ya 1939 ni vazi la uso la wanawake wa cheo, nayo siku zile ilifungwa na kondakta wa basi. Lugha ilikuwa ikisema jambo ambalo takwimu hazikusema.

Kwa bahati mbaya, matangazo ya vifo, ya dawa na barua za wasomaji ndizo sehemu ambazo mkusanyaji wa vipande vya magazeti huziacha. Hukata makala aitakayo, akatupa ukurasa. Namsihi auhifadhi ukurasa mzima, pamoja na tangazo la sabuni lililo pembeni.