FAHAMU: Jina la KARIAKOO Limetoka Wapi? Nyuma Yake Kuna Maelfu ya Watu Wasiojulikana Hata Majina

Wadau wangu, kila ikifika wiki ya Simba na Yanga mji mzima unaimba neno moja: Kariakoo. Dabi ya Kariakoo, nguo za Kariakoo, simu za Kariakoo, bei za Kariakoo. Hivi ushawahi kujiuliza hilo jina limetoka wapi? Siyo la Kizaramo wala la Kiarabu. Ni Kiingereza kilichopita kwenye midomo ya Waswahili. Tulia nikupe.

Mwaka 1914 Dar ilikuwa chini ya Mjerumani. Pale Kariakoo alikuwa ameshajenga jengo la soko, ila Vita Kuu ya Kwanza ikalipuka kabla halijaanza kazi. Septemba 1916 Mwingereza akauteka mji, na lile jengo likageuzwa makazi ya wapagazi wa jeshi lake. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, Wazungu wakitamka kama "keria ko". Watu wa mjini wakalinyoosha, likawa Kariakoo. Nairobi nao wana Kariokor yao, na stori ni hiyo hiyo.

Sasa kwanini wapagazi? Vita ya huku ilipiganwa porini. Barabara hakuna, na punda na farasi walikuwa wanakufa kwa mbung'o. Kwa hiyo risasi, unga, dawa, hadi vipande vya mizinga, vyote vilipanda kichwani kwa binadamu. Mzigo wa kilo 25 hivi, siku nzima, kwa miguu, mvua ikinyesha. Wengi hawakujitolea, walikamatwa vijijini. Na Mjerumani naye alikuwa na wapagazi wake, hali ilikuwa ile ile.

Kilichowamaliza siyo risasi. Ni njaa, malaria, kuhara damu na nimonia. Upande wa Mwingereza peke yake, hesabu zinazotajwa sana ni wapagazi zaidi ya 95,000 waliokufa. Jaza Uwanja wa Mkapa mpaka juu, watu bado wanabaki nje.

Twende Posta sasa. Ile Sanamu ya Askari pale Samora iliwekwa mwaka 1927, mahali ilipokuwa imesimama sanamu ya Mjerumani, Wissmann. Unapita pale kila siku, si ndiyo? Siku moja simama usome maandishi yake. Wapagazi wametajwa, wanaitwa miguu na mikono ya jeshi. Lakini inua macho juu: aliyesimama ni askari mmoja na bunduki yake. Nairobi waliweka sanamu ya watu watatu, na mpagazi yumo. Kwetu miguu na mikono imeishia kwenye maandishi.

Na makaburi je? Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwahi kukumbukwa kwa majina. Wazungu walichongewa kila mtu jina lake kwenye jiwe. Hawa wetu, wengi hawakupata kitu. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni, zaidi ya miaka 100 imepita.

Soko lenyewe tunalolijua, lile lenye paa kama miamvuli, lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Julai 2021 likaungua, nchi nzima ikahuzunika. Haki kabisa. Ila jengo huweza kujengwa tena. Jina ndilo ukumbusho mkubwa walioupata wale wazee, na sisi tunalitaja kila siku bila kujua tunamtaja nani.

Kwa hiyo ukishuka mwendokasi pale Msimbazi, ukamwona kijana amebeba robota kichwani anapiga kelele "mzigoo, mzigoo!", mpishe apite. Ile kazi ndiyo iliyolipa eneo lile jina. Na kama nyumbani kuna babu au bibi, muulize leo: kwenye ukoo wetu kuna aliyechukuliwa kubeba mizigo vitani? Akikutajia jina, liandike. Hakuna mwingine atakayeliandika.